Charlotte Brontë: Aliwazika ndugu watano, naye akafa akiwa mjamzito

Machi 31, 1855, wiki tatu kabla ya kutimiza miaka 39, mwandishi wa riwaya Charlotte Brontë alifariki dunia nyumbani kwao katika kijiji cha Haworth, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa ameolewa kwa miezi tisa tu, na alikuwa mjamzito.

Baba yake, Mchungaji Patrick Brontë, alikuwa mzee wa miaka 78. Kabla ya siku hiyo alikuwa ameshampoteza mke na watoto watano. Charlotte alikuwa wa sita, na ndiye pekee aliyekuwa amebaki.

Wasomaji wengi wanamfahamu kwa riwaya yake ya Jane Eyre, ambayo zaidi ya miaka 170 tangu ichapishwe bado inasomwa shuleni na kutengenezewa filamu. Wachache wanajua kwamba nyuma ya kitabu hicho kuna familia iliyoandamwa na magonjwa, na kwamba baadhi ya wanafamilia hao waliugua kimya kimya hadi siku ya mwisho. Charlotte ndiye aliyeyaandika waziwazi mambo ambayo wengi katika zama zake waliyanyamazia.

Nyumba iliyotazamana na makaburi

Charlotte alizaliwa Aprili 21, 1816 katika kijiji cha Thornton, mkoa wa Yorkshire. Alikuwa mtoto wa tatu. Mama yake, Maria, alijifungua watoto sita katika kipindi cha takriban miaka sita: Maria, Elizabeth, Charlotte, Branwell ambaye alikuwa mvulana pekee, Emily na Anne.

Mwaka 1820 familia ilihamia Haworth, baba alikopangiwa kuhudumu katika kanisa la Anglikana. Walipewa nyumba ya mawe iliyo juu ya kijiji, mbele yake kukiwa na makaburi na nyuma yake nyika ya milimani yenye baridi na upepo mkali.

Septemba 1821 mama yao alifariki dunia baada ya kuugua kwa miezi kadhaa ugonjwa unaoaminika kuwa saratani. Alikuwa na miaka 38. Charlotte alikuwa na miaka mitano, na Anne, kitinda mimba, hakuwa ametimiza miaka miwili. Dada wa marehemu, Elizabeth Branwell, aliyekuwa mama mkubwa wa watoto hao, alikuwa amekuja kumuuguza. Hakurudi tena kwao. Alibaki kulea hadi alipofariki mwaka 1842.

Kijiji chenyewe kilikuwa hatari kwa afya. Mwaka 1850 mkaguzi wa serikali, Benjamin Herschel Babbage, alifika Haworth baada ya wakazi, Mchungaji Brontë akiwa mstari wa mbele, kuandika barua kuomba maji safi. Alichokikuta kilitisha. Hapakuwa na mfumo wa majitaka, vyoo vilikuwa vichache na vya kushirikiana, marundo ya kinyesi yalikuwa karibu na nyumba, na makaburi yalikuwa yamejaa kupita kiasi.

Ripoti yake ilionyesha kuwa wastani wa umri wa watu waliofariki Haworth ulikuwa miaka 25.8, na asilimia 41.6 ya watoto walikufa kabla ya kufikisha miaka sita. Kwa kipimo hicho, kina Brontë waliokufa wakiwa na miaka 29, 30 au 31 walikuwa wameishi zaidi ya wastani wa kijiji chao.

Shule iliyowarudisha watoto wawili kufa

Mwaka 1824 baba, ambaye mshahara wake ulikuwa mdogo, aliwapeleka mabinti wanne wakubwa katika shule ya bweni ya Cowan Bridge, iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto wa kike wa wachungaji. Ada ilikuwa nafuu. Maisha hayakuwa nafuu.

Chakula kilikuwa kibaya, mara nyingi kikiwa kimeungua. Jumapili wanafunzi walitembea umbali mrefu kwenda kanisani kwenye baridi na kukaa na miguu iliyolowa. Maria, mtoto wa kwanza, alianza kukohoa. Februari 1825 alirudishwa nyumbani, na Mei 6 alifariki dunia akiwa na miaka 11. Majira hayo hayo ya kuchipua homa ilizuka shuleni.

Mwishoni mwa Mei akarudishwa Elizabeth, naye akiwa hoi. Baba alipomwona tu alikwenda kuwachukua Charlotte na Emily. Elizabeth alifariki Juni 15 akiwa na miaka 10. Wote wawili waliuawa na kifua kikuu.

Charlotte alikuwa na miaka tisa, na ghafla ndiye aliyekuwa dada mkubwa.

Hakusahau. Miaka 22 baadaye, shule hiyo ilijitokeza katika Jane Eyre ikiwa na jina la Lowood: uji ulioungua, baridi, mlipuko wa homa, na msichana mpole aitwaye Helen Burns anayekufa kwa kifua kikuu usiku akiwa amekumbatiwa na rafiki yake. Helen ni Maria. Wasomaji walipodai kuwa mtoto mwema kiasi hicho hawezi kuwapo duniani, Charlotte alieleza kwamba hakumpamba. Alimwandika kama alivyomfahamu.

Waliokuwa wakiijua shule hiyo waliitambua mara moja, na mabishano kuhusu ukweli wake yaliendelea hata baada ya mwandishi kufariki. Kwa Waingereza wengi lilikuwa jambo jipya kuona riwaya ikimuuliza mwenye shule kwa nini watoto wanakufa mikononi mwake.

Mshahara wa pauni 16

Waliobaki nyumbani walikuwa wanne. Walitunga hadithi tangu utotoni, wakiziandika kwa herufi ndogo mno kwenye vijitabu vilivyotoshea kiganjani. Wakiwa watu wazima, dada hao watatu walikuwa na desturi ya kuizunguka meza ya chumba cha kulia kila usiku, wakitembea na kusomeana walichoandika.

Lakini kuandika hakukuwaletea mkate. Kwa binti wa mchungaji asiye na mali, kazi ya heshima ilikuwa moja tu, nayo ni ualimu, ama shuleni ama katika nyumba za matajiri. Charlotte alizifanya zote mbili na alizichukia zote mbili. Mwaka 1841, akiwa mwalimu wa watoto katika nyumba moja, alilipwa pauni 20 kwa mwaka, na kati ya hizo alikatwa pauni 4 za kufuliwa nguo. Zilibaki 16. Mchana alifundisha, usiku alishonea nguo familia ya mwajiri.

Alipokuwa na miaka 20 aliandika barua kwa Robert Southey, aliyekuwa malenga wa Mfalme, kumwomba ushauri kuhusu mashairi yake. Jibu lilikuja Machi 1837. Mzee huyo alikiri kuwa binti ana kipaji, kisha akamwonya kuwa fasihi si shughuli ya mwanamke na haipaswi kuwa hivyo. Charlotte alijibu kwa adabu na kumshukuru. Aliihifadhi barua hiyo, na aliendelea kuandika.

Mwaka 1842 alikwenda Brussels, Ubelgiji, pamoja na Emily kujifunza Kifaransa ili baadaye wafungue shule yao wenyewe. Huko alimpenda mwalimu wake, Constantin Heger, mwanamume mwenye mke na watoto. Barua alizomwandikia baada ya kurudi kwao zinaonyesha mtu aliyeumia sana. Heger aliacha kujibu. Mpango wa shule nao ulikwama. Matangazo yalisambazwa, lakini hakuna mzazi hata mmoja aliyeleta mtoto.

Riwaya iliyoanzwa kando ya kitanda cha mgonjwa

Mwaka 1846 dada hao walijilipia zaidi ya pauni 30 kuchapisha kitabu cha mashairi yao. Walijiita Currer, Ellis na Acton Bell, majina yasiyoonyesha kama mwandishi ni mwanamume au mwanamke, kwa kuwa walijua wahakiki huwapima wanawake kwa mizani tofauti. Ndani ya mwaka mmoja ziliuzwa nakala mbili.

Agosti mwaka huohuo Charlotte alimpeleka baba yake Manchester kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Patrick, aliyekuwa na miaka 69, alikuwa karibu kipofu. Alipasuliwa akiwa macho, bila dawa ya usingizi. Miezi miwili tu baadaye ndipo madaktari wa Boston, Marekani, walipoonyesha hadharani matumizi ya etha katika upasuaji. Baada ya hapo alitakiwa kulala kwa wiki kadhaa katika chumba chenye giza, bila kujitikisa.

Kwa mujibu wa Elizabeth Gaskell, mwandishi mwenzake aliyekuja kuandika maisha yake, siku ileile ya upasuaji Charlotte alipokea mswada wa riwaya yake ya kwanza, The Professor, ukiwa umekataliwa na mchapishaji. Alikuwa ugenini, anaumwa jino, anamuuguza baba. Katika nyumba hiyo ya kupanga ndipo alipoanza kuandika Jane Eyre.

Kitabu kilitoka Oktoba 16, 1847 na kuuzwa kwa kasi. Kinamhusu yatima asiye na sura ya kuvutia wala fedha, mwalimu wa nyumbani kama alivyokuwa Charlotte, anayempenda bosi wake lakini anakataa kuwa hawara yake baada ya kugundua ana mke. Baadhi ya wahakiki walikiita kitabu kisicho na maadili. Wasomaji walikigombania. Jumla ya malipo yake yalifikia pauni 500, yaani zaidi ya alizobakiwa nazo katika miaka 30 ya ualimu wa pauni 16.

Mwishoni mwa mwaka huo zilitoka pia Wuthering Heights ya Emily na Agnes Grey ya Anne. Julai 1848, uvumi uliposambaa kuwa kina Bell wote ni mtu mmoja, Charlotte na Anne walisafiri usiku kucha kwa treni hadi London kujitambulisha kwa mchapishaji wa Charlotte, George Smith. Aliyetarajia kumwona mwanamume maarufu alijikuta akitazamana na wanawake wawili wadogo wa umbo waliovaa nguo za kijijini.

Furaha hiyo haikudumu hata miezi mitatu.

Miezi minane, majeneza matatu

Branwell, aliyekuwa tegemeo la familia, alikuwa ameharibikiwa na pombe na afyuni. Ulevi ulificha ugonjwa uliokuwa ukimla mapafu. Alifariki Septemba 24, 1848 akiwa na miaka 31.

Emily alianza kukohoa muda mfupi baada ya mazishi. Alikonda, akaishiwa pumzi hata kupanda ngazi, lakini alikataa kuulizwa hali yake, akakataa dawa na akakataa daktari. Charlotte alimwandikia kwa siri daktari wa London akimweleza dalili zote, lakini mgonjwa hakukubali kugusa tiba iliyotumwa. Aliendelea kuamka, kuvaa na kufanya kazi za nyumbani. Mchana wa Desemba 19 ndipo alipokubali aitwe daktari. Saa chache baadaye alikuwa ameaga dunia. Alikuwa na miaka 30.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hata hivyo, yaliyompata Anne yanaonyesha kuwa kwa wakati ule hata asiyeficha hakuwa na pa kukimbilia. Januari 1849 alipimwa na daktari kutoka Leeds aliyetumia kifaa cha kusikilizia kifua, na ikathibitika kuwa mapafu yote mawili yameathirika. Anne alikunywa kila alichopewa, yakiwamo mafuta ya ini la samaki. Mei aliomba apelekwe Scarborough, mji wa pwani aliokuwa akiupenda. Alifika Ijumaa, akafariki Jumatatu, Mei 28, akiwa na miaka 29.

Charlotte alimzika hukohuko ili kumwepushia baba yake maziko ya tatu ndani ya miezi minane.

Wakati huo hakuna aliyejua kwamba kifua kikuu huenezwa kwa vimelea vinavyosafiri hewani. Robert Koch alitangaza ugunduzi wake mwaka 1882. Familia ziliamini ni ugonjwa wa kurithi, hivyo wagonjwa na wazima waliendelea kulala pamoja katika vyumba vilivyofungwa madirisha kuzuia baridi. Katika miezi yake ya mwisho Branwell alilala chumba kimoja na baba yake.

Charlotte alirudi Haworth peke yake. Mtumishi wa nyumba alimsikia usiku akiizunguka meza ileile, hatua za mtu mmoja. Kisha alikaa akamalizia riwaya yake ya Shirley, aliyokuwa ameiacha katikati ndugu zake walipoanza kuugua. Ilitoka Oktoba 1849. Villette ilifuata mwaka 1853, ikimchora mwanamke mpweke anayeugua sonona katika mji wa ugenini, wakati ambapo ugonjwa wa aina hiyo haukuzungumzwa.

Ndoa, ujauzito na kitanda

Desemba 1852 Arthur Bell Nicholls, msaidizi wa baba yake kanisani, alimwomba Charlotte uchumba. Mzee Brontë alifura kwa hasira. Kwake, kijana huyo hakuwa na mali wala hadhi ya kumwoa binti aliyekwisha kuwa maarufu. Nicholls aliondoka Haworth. Zaidi ya mwaka mmoja ulipita tangu ombi hilo kabla baba hajalegeza msimamo.

Harusi ilifungwa Juni 29, 1854. Dakika za mwisho baba alikataa kumsindikiza binti yake kanisani, ikabidi mwalimu wake wa zamani, Margaret Wooler, achukue nafasi hiyo. Licha ya mwanzo huo, barua za Charlotte zinaonyesha ndoa ilimpa utulivu ambao hakuutarajia.

Januari 1855 alianza kusikia kichefuchefu kisichokatika. Alitapika mchana na usiku, akashindwa kula, kisha akashindwa hata kunywa. Daktari aliyeitwa kutoka Bradford alisema hali hiyo itachukua muda lakini haina hatari ya haraka. Waliomzunguka walimtia moyo kwa kumkumbusha mtoto anayekuja.

Februari alibadilisha wosia wake na kumwachia mume mali zote. Mwezi huohuo alifariki Tabitha Aykroyd, mtumishi mzee aliyewalea tangu utotoni. Barua za mwisho za Charlotte ziliandikwa kwa penseli kitandani, nyingine zikiwa na mistari michache tu. Katika barua hizo alimsifu mume wake kwa jinsi anavyomuuguza. Machi 31 alikata roho.

Cheti cha kifo kiliandika kifua kikuu. Madaktari waliokuja kuzichambua dalili zake baadaye wengi wanaona kuwa kilichommaliza, peke yake au pamoja na ugonjwa mwingine, ni kutapika kulikopita kiasi katika ujauzito, hali inayoukausha mwili maji na chumvi na kuunyima chakula.

Yanayotibika leo

Hali hiyo bado huwapata wajawazito, na bado wapo wanaoambiwa wavumilie kwa kuwa ni mimba tu. Kichefuchefu cha asubuhi ni cha kawaida. Kisicho cha kawaida ni mama kushindwa kubakiza tumboni hata maji kwa siku nzima, kupungua uzito, kusikia kizunguzungu akisimama, au kupata mkojo kidogo wenye rangi nzito. Huyo anahitaji kufikishwa kituo cha afya siku hiyohiyo. Dripu ya maji na dawa za kuzuia kutapika, vitu ambavyo havikuwapo Haworth, huokoa maisha ya mama na mtoto.

Vivyo hivyo kwa kifua kikuu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho jingi usiku, homa za jioni na kukonda ni dalili za kwenda kupima. Kwa mgonjwa wa kawaida dawa ni za miezi sita, na katika vituo vya umma nchini Tanzania na Kenya hutolewa bila malipo. Dawa hizo zingetosha kubadilisha historia ya nyumba ile.

Baba aliyebaki na mkwe

Miezi michache baada ya msiba, Patrick Brontë alimwomba Elizabeth Gaskell aandike maisha ya binti yake. Kitabu kilitoka mwaka 1857, mwaka uleule ambao The Professor, riwaya iliyokataliwa siku ya upasuaji, ilichapishwa hatimaye. Kurasa chache za riwaya mpya aliyokuwa ameianza Charlotte, iliyoitwa Emma, zilichapwa katika jarida mwaka 1860.

Nyumba ya Haworth sasa ni makumbusho, tangu mwaka 1928. Vijitabu vya utotoni vipo, na chumba chenye meza kipo.

Nicholls, mkwe aliyekataliwa kwa kukosa hadhi, hakuondoka baada ya kumzika mke wake. Alibaki katika nyumba hiyo miaka sita, akimsaidia mzee kazi za kanisa na kumuuguza alipoishiwa nguvu, hadi Patrick alipofariki Juni 1861 akiwa na miaka 84. Ndipo alipofungasha vitu vya Charlotte na kurudi kwao Ireland.